Kocha Aliyeanza kwa Kufua Jezi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya akina mama na vijana.)

Niliombwa niseme juu ya uongozi wa kikundi, nami nimechagua kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani. Msishangae. Kazi yake ilikuwa kufundisha wasichana wa chuo kikuu mpira wa vikapu, lakini alianza bila kitu mkononi, na hapo nafikiri mtamtambua.

Jina lake ni Pat Summitt. Alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Tennessee, mtoto wa nne kati ya watano. Baba yake alilima tumbako na kufuga ng'ombe wa maziwa, tena alikuwa mzee mkali. Kazi ya shamba ilikuwa ya wote, msichana sawa na wavulana. Jioni walipanda juu ya ghala la nyasi, kaka watatu na huyo dada yao, wakacheza mpira huko huko. Alipofika umri wa sekondari, shule ya karibu haikuwa na timu ya wasichana. Basi yule mzee akahamisha jamii yake yote mpaka mahali palipokuwa na timu. Wababa mlio hapa, mmesikia hilo?

Kaka zake walienda chuo kwa kulipiwa na michezo. Yeye alicheza vizuri vile vile, lakini wasichana hawakuwa na msaada kama huo, ikabidi wazazi watoe karo. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria kwamba shule inayopokea pesa za serikali isiwabague wasichana. Sheria ni kitu kizuri, lakini kwa miaka mingi vyuo viliitii polepole, kwa kinyongo.

Sasa, mwaka 1974, chuo kikuu cha Tennessee kilimkabidhi timu ya wasichana baada ya kocha aliyekuwapo kwenda likizo. Alikuwa na miaka 22 tu. Baadhi ya wachezaji aliwazidi mwaka mmoja. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha yeye, jezi alizifua yeye. Na jezi zenyewe zilinunuliwa mwaka uliotangulia kwa pesa za kuuza donati, ambazo ni ndugu wa mandazi yetu. Safari moja walilala chini kwenye ukumbi wa timu waliyokwenda kucheza nayo. Mechi yake ya kwanza alishindwa kwa pointi moja, 84 kwa 83.

Mwaka 1976 yeye mwenyewe alicheza Olimpiki kule Montreal, wakapata fedha. Mwaka 1984 akawa kocha wa timu ya Marekani huko Los Angeles, wakapata dhahabu. Na chuoni? Miaka 38, mechi 1,098 alizoshinda, ubingwa wa taifa mara nane. Mwaka 2006 mshahara wake ulipita dola milioni moja kwa mwaka. Yule yule wa dola 250.

Lakini mimi hesabu hizo si ndizo zinazonivutia sana. Alikuwa na amri kwamba mchezaji wake akiingia darasani aketi safu tatu za mbele, na akikosa darasa bila sababu, hachezi. Hata kama ni nyota. Na kila msichana aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake aliondoka na digrii. Macho yake yalikuwa makali, wasichana waliyaogopa, wengine walilia. Mimi nadhani wakati mwingine alizidisha ukali. Hata hivyo walirudi kumtembelea wakiwa watu wazima wenye watoto.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 2011, akiwa na miaka 58, alikuwa ameanza kusahau mambo. Alikwenda kwa madaktari, wakamwambia ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao unaharibu ubongo kidogo kidogo mpaka mtu asahau hata watu wake. Dawa ya kuuponya haipo. Huku kwetu mtu akianza kusahau, tunasema ni uzee, au tunanong'ona kwamba amerogwa, na jamaa wanamficha nyumbani. Yeye aliwaita wachezaji akawaambia, na mwezi wa Agosti akautangazia umma. Kisha akaanzisha mfuko wa kuchangia vita dhidi ya ugonjwa huo.

Alibaki kocha msimu mmoja zaidi, lakini kazi nyingi zilishikwa na msaidizi wake, Holly Warlick. Huyu Holly alikuwa mchezaji wake miaka ya sabini, na alikuwa msaidizi wake tangu 1985. Mnaona? Alikuwa ameketi kando yake miaka 27 akijifunza kila kitu. Mwezi wa Aprili 2012 Pat akaachia kiti, Holly akakikalia, na timu haikukosa hata mechi moja. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Ubingwa wa taifa haukurudi kwa Holly, naye aliondolewa mwaka 2019. Aliyefuata, Kellie Harper, naye alikuwa mwanafunzi wa Pat.

Pat alifariki tarehe 28 Juni 2016, akiwa na miaka 64.

Naona chai inakuja. Kabla hatujanywa, naomba kila kikundi kikae pamoja dakika chache. Mweka hazina afungue daftari, na awaonyeshe wanachama wawili wengine jinsi linavyoandikwa.