Hakutufuata Sisi

Leo tutafakari habari iliyo katika Injili ya Marko, sura ya 9, kuanzia mstari wa 38. Yohana alimwona mtu akitoa pepo kwa jina la Yesu, naye akamkataza. Kosa la mtu huyo lilikuwa nini? Yohana hakulalamika kwamba hakumfuata Yesu. Alilalamika kwamba hakuwafuata wao.

Hapa kwetu Malakisi, Jumapili asubuhi, majirani hutembea pamoja mpaka njia panda, kisha huachana: huyu kwa Wakatoliki, huyu kwa Marafiki, huyu kwetu Waanglikana. Na kila mmoja ana neno juu ya mwenzake. Wakatoliki huambiwa kwamba wanaabudu sanamu. Sisi huambiwa kwamba bila kitabu hatuwezi kuomba. Na Marafiki, kwa kuwa hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai, sisi tuliwahesabu kuwa Wakristo nusu.

Mjane mmoja wa kanisa letu aliumia mguu wakati wa mavuno. Hapo nyuma tulikuwa tumemkanya asisali na akina mama wa Marafiki. Jumapili tulimtaja katika maombi. Alhamisi tulipokwenda kumwona, tulikuta mahindi yake yamekwisha kuvunwa, na akina mama wale wale wameketi uani wakiyamenya maganda. Mjane akatuuliza, "Mchungaji, hata leo nisisali nao?"

Hatukuwa na jibu. Tulivua koti tukaketi kumenya pamoja nao. Nao walipoinamisha vichwa kimya mbele za Mungu, nasi tukainamisha.

Ndugu wapenzi, hatusemi kwamba tofauti zetu si kitu. Sisi bado twabatiza kwa maji, na tuko tayari kueleza sababu. Lakini tofauti ni jambo la kuulizana na kujibizana. Dhana ni hukumu iliyokatwa kabla ya kuuliza. Na hukumu ya namna hiyo huzaa chuki. Hapo jirani zetu Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja Namugongo kwa ajili ya Bwana mmoja. Miaka 6 haikutimia, Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana vita pale Mengo, Januari 1892, wakigombea utawala. Moto haukuweza kuwatenga mashahidi wale. Waliobaki walijitenga wenyewe.

Je, msikilizaji, ni jirani gani uliyemhukumu bila kumwuliza? Juma hili mwendee. Mwulize jinsi Bwana alivyomtendea, nawe usimkatize.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwakataza watu uliowaita wewe. Utufumbue macho tuione kazi yako hata katika mikono isiyo ya kanisa letu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.