Nafasi ya Nani? Watoto wa Ulyankulu na Ushindani wa Masomo Tabora



Neno ninalolileta mezani mmelisikia, walimu wenzangu na wazazi, na baadhi yetu tumelisema: "Watoto wa wakimbizi wanakula nafasi za watoto wetu."

Ulyankulu, makazi ya wakimbizi hapa mkoani Tabora, ilianza mwaka 1972, Warundi walipokimbia mauaji ya kwao. Walipewa pori la miombo, wakafyeka, wakalima. Watoto wao wakasoma mtaala wetu, wakafanya mtihani wetu wa darasa la saba. Hapo ndipo manung'uniko yalipopata pa kushika. Mwaka 1974 tuliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Sekondari za serikali zikabaki chache, na nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mgawo. Mzazi ambaye mwanawe hakuchaguliwa hakuiona wizara. Alimwona jirani mwenye lafudhi ya Kirundi. Mimi naamini kilichotugombanisha ni uhaba wa madawati, na ndiyo maana shule za kata zilipoongezeka baada ya 2004, neno lile lilipungua makali, ingawa halijafa.

Na mwenyeji wa Tabora ni nani hasa? Mji huu ulikua kwenye njia ya misafara, kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wanyamwezi waliubeba mzigo wa njia ile mabegani. Wamanyema, Waarabu wa Omani na watu wa pwani wakajenga hapahapa, wakazikwa hapahapa. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Tabora kijana Mzanaki kutoka Butiama, Julius Nyerere. Sijapata kumsikia mtu akisema alikula nafasi ya Mnyamwezi.

Linganisheni Ulyankulu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kule watoto wa Kongo na Burundi wamekuwa wakisoma mitaala ya makwao, kwa matarajio kwamba watarudi. Hawashindani na wetu, kwa hiyo hakuna anayewalalamikia, lakini pia hakuna anayewajua. Kwangu mimi, lawama za Ulyankulu ni nafuu kuliko ukimya huo: anayekaa na mwanangu kwenye mtihani mmoja, wakasahihishwa kwa kipimo kimoja, tayari ni mwenzake.

Oktoba 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mtoto wa raia hao aliyezaliwa baada ya hapo ni Mtanzania kama wangu. Hata hivyo, kwenye vyumba vyetu vya walimu bado anatajwa kwa jina la "mkimbizi", hasa akishika namba moja. Akishika ya mwisho, hatuulizi kwao ni wapi.

Naomba kikao kiamue kabla ya chai: siku ya kusoma matokeo mbele ya wazazi, mwanafunzi atajwe kwa jina lake na darasa lake, basi.