Benki ni ya Nani? Niliyoyasema kwa Vijana wa Bagamoyo



Nimeombwa niongelee uchumi. Naona wengine mmeshaanza kusinzia, lakini hili linamgusa mama wa Mlingotini anayelima mwani na mzee wa Kiwangwa mwenye mananasi.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa mpigo kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Tatu zilikuwa za wananchi na wakulima: Njombe, Meru na Kagera. Mwenye akiba alilindwa na bima ya amana mpaka shilingi milioni 1.5 tu. Mwenye hisa? Huyo anakaa mwisho wa foleni, wadai wote wakishalipwa.

Watu wakasema wakulima hawajui benki. Jibu rahisi hilo. Tuangalie mmiliki ni nani. NMB ilipobinafsishwa mwaka 2005, kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi lilichukua asilimia 49. Mmiliki kama huyo, benki ikiyumba, ana pa kutoa fedha. Benki ya wakulima, mwenye hisa, mweka akiba na mkopaji ni mtu yule yule, na mvua yao ni moja. Ikikosekana, mikopo hairudi, akiba zinatolewa, na mtaji unatakiwa siku ile ile ambayo mwenye benki hana kitu mfukoni.

Ndiyo maana benki hizi zinaishi kwa amana, yaani deni. Fedha yao wenyewe ni kiduchu, mikopo michache tu ikigoma, imekwisha.

Nami nina dhambi yangu. Niko kwenye SACCOS moja. Mwaka tuliopata ziada nilinyoosha mkono tugawane yote. Tukagawana. Mwaka uliofuata mikopo ikagoma, na cha kuzibia pengo hatuna. Kura ile ilikuwa yangu.

Sasa tudai nini? Serikali ikipandisha kiwango cha mtaji, iseme na mkulima ataupata wapi. Pale Dar, manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zilinunua hisa DCB. Halmashauri zetu za Pwani je? Ila diwani asiwe ndiye anayeamua nani akopeshwe.

Na mkutano mkuu wa chama chako cha akiba ukifika, usifuate soda tu. Uliza: mtaji wetu kiasi gani? Nani kakopa? Ziada inakwenda wapi?