Ngazi ya Tatu
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani kwenye chakula cha mchana)



Mmeniomba nieleze maisha yangu ya Uswisi. Nitasema jambo moja tu, kwani pilau inapoa. Sisi tuliosoma hapa theluji tuliiona kwa mbali, juu ya Kibo, asubuhi kabla ya mawingu. Nilipofika Davos nilidhani naijua.

Davos kuna taasisi ya kuchunguza theluji. Majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila siku, kwa ngazi 5. Siku ninayoisema ilikuwa ngazi ya 3. Nikapiga hesabu ya kishule: 3 kati ya 5, tumefaulu, twendeni! Kumbe karibu nusu ya vifo hutokea katika ngazi hiyo hiyo, maana watu hutoka wengi na hatari haionekani kwa macho.

Kiongozi wetu, mzee mmoja wa huko, hakubishana nami. Alipima mteremko: digrii 35. Maporomoko ya hatari huanzia hasa penye digrii 30 na zaidi. Kisha akashika koleo, akachimba shimo mpaka ardhini. Juu palikuwa na theluji ngumu iliyorundikwa na upepo, ungeikanyaga kama sakafu. Chini kabisa mlikuwa na punje kubwa kubwa, zikamwagika mkononi mwangu kama sukari. Alinieleza kwamba ardhi ina joto kuliko hewa ya juu. Mvuke hupanda ndani ya theluji nyembamba ya mwanzo wa majira na kuzigeuza chembe zake, zisishikane tena. Likilala bamba zito juu yake, ni kama meza juu ya gololi. Uzito wa mtu mmoja watosha kuliachia. Na wengi waliofukiwa, poromoko waliliamsha wao wenyewe au wenzao.

Akasema turudi. Nililalamika njia nzima, tena kwa maneno yasiyofaa kwa mtu wa umri wake. Nauli ya treni nilikuwa nimeidunduliza mwezi mzima! Tulipofika mahali tambarare, theluji ikalia chini ya miguu yetu, “vumm”, ikadidimia kidogo. Tabaka dhaifu lilikuwa limevunjika. Mzee alinitazama, asiseme neno. Magoti yalinilegea. Aliyefukiwa, zikipita dakika 10 hadi 15 bila kufukuliwa, matumaini hupungua upesi mno. Wa kumwokoa ni wale alio nao, wenye koleo mikononi.

Ule mteremko haukuporomoka siku ile. Kesho yake tuliona alama za watu waliopita pale pale salama, na wenzangu wakanicheka sana. Nilipoletewa kahawa ya nyumbani, nilimpelekea yule mzee pakiti moja, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya njiani.