Usingizi na Maradhi ya Kusahau



Si ajabu katika Buyenzi kusikia ya kuwa mzee fulani amepotea njia ya msikitini, aliyoipita tangu ujana wake. Majirani hunena kuwa ni uzee tu. Wengine, kwa masikitiko, hunena amerogwa. Huenda huo ukawa ugonjwa wa ubongo uitwao kwa jina la Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1906. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, walichunguzwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na taarifa ya mwaka 2013 ikaonyesha kuwa kadiri ya 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kusahau, ambayo Alzheimer ni aina yake moja.

Usingizi waingiaje hapa? Ubongo ulio macho hufanya kazi, na kazi huacha taka. Moja ni adenosini, ambayo ikilimbikana humsinziisha mtu. Kahawa ya jioni huizuia isisikike, lakini haiiondoi. Nyingine ni protini ya amiloidi, ile ile igandamanayo katika ubongo wa wagonjwa. Mwaka 2013 Maiken Nedergaard na wenzake wa Rochester, Marekani, waliona kwamba panya walalapo, nafasi zilizo baina ya chembe za ubongo hupanuka kwa asilimia 60 hivi, na maji yakapita yakichukua taka hizo. Mwaka 2024 wataalamu wa London waliona kinyume chake, na ubishi huo haujaisha. Lakini huko Uingereza, katika taarifa ya mwaka 2021, watu waliozoea kulala saa 6 au pungufu tangu umri wa miaka 50 walipatwa na maradhi ya kusahau kwa asilimia 30 zaidi ya waliolala saa 7.

Isidhaniwe, basi, kuwa mgonjwa amejiletea. Ugonjwa huanza kimya miaka mingi kabla ya kujulikana, nao wenyewe huharibu usingizi. Huenda asiyelala amekwisha kuwa mgonjwa.

Tena asipewe ovyo dawa za mafua zinazoleta usingizi. Baadhi yake huzuia asetilikolini, kemikali ya kumbukumbu ambayo ugonjwa umekwisha kuipunguza. Tabibu aulizwe kwanza. Mzee atolewe juani asubuhi, asiachwe kusinzia mchana kutwa, na watoto wake wapokezane zamu za usiku, maana mara nyingi akeshaye ni binti mmoja peke yake.