Chumvi, Rovu na Akili ya Mtoto

Uwe hapa Mtongwe, Likoni au ng'ambo ya feri, vuta kiti tuzungumze. Ikiwa uko jikoni ni vizuri zaidi, kwa sababu leo mazungumzo yetu ni juu ya chumvi.

Juzi kliniki nilimuuliza mama mmoja mjamzito anatumia chumvi gani. Akanijibu, "Sista, mimi napimiwa tu, ile ya mawe. Rovu ni la watu wa bara. Sisi wa pwani tunakula samaki." Wengi wetu tunaamini hivyo. Je, ni kweli?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inaitwa tezi ya thairoidi. Hutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji wa mifupa, na zaidi ya yote ukuaji wa ubongo wa mtoto. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji madini ya aidini, ambayo jirani zetu wa Tanzania huyaita madini joto. Aidini ikipungua, tezi hujikaza, huvimba, na uvimbe huo ndio rovu.

Tezi hii ina uchu wa aidini, na haijui kuchagua nzuri na mbaya. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la nyuklia katika visiwa vya Marshall, huko bahari ya Pasifiki. Majivu yenye mionzi, na ndani yake aidini ya mionzi, yaliangukia kisiwa cha Rongelap. Tezi za wenyeji ziliifyonza aidini hiyo kama ile ya chakula. Walioumia zaidi ni watoto wadogo. Miaka iliyofuata wengi wao waliota vinundu kwenye tezi, na wengine wakadumaa. Funzo kwetu ni hili: kinachoiharibu tezi humpiga mtoto kuliko mtu mzima.

Kwetu pwani hatukuangukiwa na majivu hayo. Adui wetu ni upungufu wa aidini. Tazameni Pemba hapa jirani. Ni kisiwa, bahari kila upande, na wavuvi ni wengi. Hata hivyo utafiti uliofanywa mwaka 2001 kwa watoto wa shule ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 3 ana rovu. Unguja ilikuwa karibu mtoto 1 kati ya 5. Tofauti yao ilionekana jikoni: Unguja zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na chumvi iliyotiwa aidini, lakini Pemba karibu hakuna.

Kumbe samaki peke yake hawatoshi! Samaki wa bahari wana aidini, ndiyo, lakini kipande kimoja mkigawana watu sita, kila mmoja hupata kidogo. Na siku nyingine ni mchicha tu. Chumvi ya bahari nayo, maji yakishakaushwa na jua, hubaki na aidini kidogo mno. Ndiyo maana chumvi inayovunwa kule Gongoni na Marereni hutiwa aidini kiwandani kabla ya kufungwa kwenye pakiti, na sheria ya Kenya inataka hivyo. Ile ya mawe ambayo haijapitia kiwandani haikutiwa.

Mama mjamzito, wewe ndiwe ninayekusemea hasa. Miezi ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za tezi yako, kwa sababu yake bado haijaanza kazi. Ukipungukiwa sana na aidini, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ubongo uliodhurika, na dhara hilo halirudi nyuma. Upungufu mdogo nao humfanya mtoto awe mzito wa kujifunza shuleni, na sisi tukamwita mvivu.

Basi fanya haya:

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina aidini. Ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua, jiko na mvuke. Usiioshe. Itie chakula kikikaribia kuiva.

Usiongeze kiasi. Mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, tukihesabu na chumvi iliyo ndani ya mkate na ng'onda. Chumvi nyingi huleta presha.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimtilie chumvi. Aidini yake huipata kwa maziwa yako, kwa hivyo wewe ndiwe wa kula chumvi nzuri.

Usinywe dawa ya aidini ya kupaka vidonda. Ni hatari.

Mtoto mchanga akilala mno, akinyonya kwa uvivu, akilia kwa sauti nzito, akifunga choo, au macho yakibaki ya manjano baada ya wiki mbili, mpeleke hospitali upesi. Tezi yake huenda haifanyi kazi. Hupimwa kwa damu, na akianzishiwa dawa mapema huokoka na ulemavu wa akili.

Ukiona uvimbe shingoni, wako au wa mtoto, usichanje wala usipake majani. Si kila uvimbe ni wa kukosa aidini. Njoo upimwe.

Yule mama wa kliniki aliondoka akicheka, akasema leo atapitia dukani. Nawe msikilizaji, kabla ya kuteka mchuzi wa usiku, itazame pakiti yako ya chumvi. Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.