MBAAZI ZETU NA MVUA YA INDIA

Hotuba hii ilitolewa na mama mmoja, mkulima wa wilaya ya Nachingwea, katika mkutano wa wahitimu wa kisomo. Aliisoma mwenyewe kutoka katika daftari lake. Tunaichapa hapa ili na wengine waisome na kuijadili.



Mwalimu aliniambia niseme habari ya biashara kati ya nchi na nchi. Nilicheka. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sijavuka bahari. Mimi najua jembe tu." Naye akaniuliza, "Mama, mbaazi zako zinaliwa wapi?" Nikanyamaza. Kweli, mimi sijavuka bahari, lakini mbaazi zangu zimevuka. Na bei yangu imetoka huko huko.

Basi leo nitasema habari ya mbaazi. Nitasema yaliyonipata mimi, halafu nitasema niliyojifunza.

MBAAZI ZINAKWENDA WAPI?

Sisi hapa mbaazi tunazipika kwa nazi, tunakula. Lakini tunazouza nyingi haziliwi hapa. Sehemu kubwa ya mbaazi zinazouzwa nje ya Tanzania zinakwenda nchi moja tu, nayo ni India.

Watu wa India wanazikoboa maganda, wanazipasua, kisha wanapika mchuzi mzito wa kulia wali au chapati. Kule wapo watu wengi sana wasiokula nyama. Mbaazi, dengu na choroko ndiyo nyama yao. India ndiyo inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi zote duniani. Na ndiyo inayokula nyingi kuliko zote. Inalima, lakini haitosheki. Zinazopungua inanunua Myanmar, Msumbiji, Malawi na kwetu Tanzania.

Tena majira yetu na yao hayalingani. Wao hupanda mwezi wa 6 na wa 7, mvua zao zinapoanza. Mavuno yao huanza kama mwezi wa 12. Sisi hapa kusini hupanda mwezi wa 12 au wa 1, pamoja na mahindi. Mahindi yanatangulia kuvunwa, mbaazi zinabaki shambani mpaka mwezi wa 8 au wa 9. Kwa hiyo mbaazi zetu zinafika kwao wakati ghala zao zimepungua. Hiyo ni bahati yetu. Naomba mkumbuke hiyo miezi, maana nitairudia.

MWAKA WA NEEMA

Mwaka 2014 na mwaka 2015, mvua za India zilikuwa haba. Katika msimu wa 2015/16 walivuna kama tani milioni 2 na nusu tu za mbaazi. Hazikutosha hata kidogo. Bei ikapanda kule, na huku nako ikapanda. Mnakumbuka wenyewe. Kilo moja ilifika shilingi 2,000, na mahali pengine ilizidi.

Mimi mwaka 2016 nilivuna gunia 6, kilo 600. Niliuza kilo kwa shilingi 2,000. Nikapata shilingi 1,200,000. Ndugu zangu, tangu nizaliwe sijawahi kushika fedha kama hizo kwa mkupuo. Tukanunua mabati. Binti yangu akaingia kidato cha kwanza akiwa na sare mpya, godoro na sanduku lake.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kusema kwamba biashara na nchi za nje ni mbaya. Nyumba yangu ina mabati kwa sababu ya biashara hiyo.

NILIACHA MBACHAO

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilisahau.

Mwezi wa 12 mwaka ule ule wa 2016 nilimwambia mzee mwenzangu, "Mahindi ya nini? Mahindi tutanunua. Tupande mbaazi tupu." Akaguna, lakini mabati yalikuwa yanametameta juu, hakuwa na la kusema. Tukakodi ekari 2 zaidi. Mahindi tukapanda kipande kidogo tu nyuma ya nyumba. Kunde hatukupanda kabisa. Nikakopa shilingi 400,000 kwenye kikundi chetu cha akina mama, kwa ajili ya vibarua wa kulima na palizi.

Mbaazi zilistawi vizuri. Tulivuna gunia 11, kilo 1,100. Nikapiga hesabu usiku: kilo 1,100 mara shilingi 2,000 ni shilingi 2,200,000. Sikulala.

Mwezi wa 8 ukaisha, mnunuzi hakuja. Mwezi wa 9 akaja mmoja. Akasema shilingi 300 kwa kilo. Tukamfukuza, tukidhani ni tapeli. Mwezi wa 10 akaja mwingine, akasema shilingi 200. Tukasikia kwamba vijiji vingine wanauza chini ya hapo. Mahindi ndani yalikuwa yamekwisha. Nikauza zote.

Shilingi 220,000, ndugu zangu. Deni lilikuwa 400,000. Tuliuza mbuzi wanne na baiskeli. Mahindi niliyosema tutanunua, tulinunua kweli, lakini kwa kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Alikuwa akinisaidia kupura na haniulizi kitu. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma kuliko deni.

KUMBE ILIKUWAJE?

Wakati ule tulisema mengi. Wengine walisema ni wachuuzi. Wengine walisema ni uchawi. Baadaye, tulipoanza kusoma magazeti pamoja hapa darasani, nilielewa.

Mwaka 2016 mvua za India zilikuwa nzuri. Mkulima wa kule naye alikuwa ameona bei ya mwaka uliopita. Akafanya kama nilivyofanya mimi: akapanua shamba la mbaazi. Msimu ule wa 2016/17 walivuna karibu tani milioni 5. Yaani karibu mara mbili ya mavuno ya nyuma. Ghala zikajaa. Bei ikawaangukia wakulima wa kule kwanza, kabla haijatuangukia sisi.

Serikali yao ikaona wakulima wake wanalia. Mwezi wa 3 mwaka 2017 ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi zinazotoka nje. Maana yake, katika kila shilingi 100 ya mali, shilingi 10 ni ushuru. Kisha tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 2017 ikaweka kikomo. Ikasema, mbaazi za nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Tani hizo si za Tanzania peke yake.

Angalieni tarehe hiyo. Mwezi wa 8! Siku zile ndizo tulikuwa tunavuna.

Je, India ilitukosea? Nimelifikiri sana jambo hili. Serikali ya India ililinda wakulima wake. Na sisi tungependa serikali yetu itulinde. Lakini ukweli unabaki: uamuzi ulifanywa mbali na hapa, na mbuzi waliouzwa walikuwa wangu. Mwenye mnunuzi mmoja tu hana nguvu. Mnunuzi akifunga mlango, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Wenzetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, yaani Msumbiji, walikuwa wameandikiana mkataba na India mwaka 2016. Mkataba ule ulitaja kiasi cha mbaazi kitakachonunuliwa kila mwaka kwa miaka 5, kutoka tani 100,000 hadi tani 200,000. Kwa hiyo mlango wao haukufungwa kama wetu. Hata hivyo, mwaka ule wa 2017 bei ilianguka na kwao. Mkataba unasaidia kupata mlango. Haumzuii jirani kuvuna nyingi.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, kwa sababu mbaazi zilikuwa zimepungua kwao. Bei ikaanza kuinuka. Lakini aliyefungua anaweza kufunga.

NILIYOJIFUNZA

La kwanza, kuuliza kabla ya kupanda. Niliwaambia mkumbuke miezi. Mvua za India hunyesha kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9. Sisi tunapanda mwezi wa 12. Kwa hiyo, kabla sijashika jembe, mvua yao imekwisha na habari zake zimekwisha kutangazwa. Siku hizi kila mwezi wa 11 nauliza maneno mawili: Mvua ya India ilikuwaje mwaka huu? Je, wamelima mbaazi nyingi au chache? Nauliza kwa bwana shamba, nasikiliza redio, nasoma gazeti, na mwanangu anatafuta kwenye simu. Nikisikia wamelima nyingi, sikopi. Ningejua hivyo mwaka 2016, habari zilikuwepo, nisingekodi zile ekari 2. Habari haziji na bei kamili, lakini zinakuonya.

La pili, chakula kwanza. Mbaazi hazigombani na mahindi. Zikipandwa pamoja zinasaidiana. Mizizi ya mbaazi inakwenda chini sana, na majani yake yanayoanguka yanarutubisha udongo. Wazee walipanda hivyo kabla ya bei ya India kujulikana. Bei ikianguka, mahindi yapo ndani. Sasa sipandi mbaazi tupu tena.

La tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka mmoja mnunuzi, simtaji jina, alipima gunia langu akasema ni kilo 88. Mimi nilikuwa nimelipima kwenye mizani ya jirani na kuandika: kilo 100. Nilifungua daftari mbele yake. Alisugua mizani yake kwa kitambaa, akapima tena. Ikawa kilo 99! Ndugu zangu, ile kilo 11 niliirudisha kwa kalamu. Wale wanaouza kwa kangomba, bakuli lililojaa mpaka kilima, wanaacha kilima hicho kwa mnunuzi kila siku.

La nne, kuuza pamoja. Katika miaka ya karibuni hapa Lindi, na Mtwara pia, mbaazi zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani, kama korosho. Unapeleka mbaazi kwenye chama cha ushirika, unapewa karatasi, kisha zinauzwa kwa mnada. Wapo wanaonung'unika kwamba fedha zinachelewa na makato ni mengi. Manung'uniko hayo yana haki, yasemwe kwenye mkutano mkuu. Lakini mnadani wanunuzi wanashindana. Mlangoni kwangu alikuwa akija mmoja tu. Jambo moja nawaomba: ile karatasi isome. Soma jina lako, soma kilo, soma makato. Usiikunje na kuitia kwenye khanga bila kuisoma.

La tano, tuzile na tuzitengeneze. Mbaazi zetu nyingi zinaondoka nzima. Kukoboa na kupasua kunafanyika huko ziendako, na faida ya kazi hiyo inabaki huko. Viwanda vya kukoboa mbaazi vipo nchini, lakini ni vichache. Vikiongezeka, hata vya wenye mali kutoka India yenyewe, ni vyema, ila tuulize: Watanunua kwa nani? Watanunua kwa bei gani? Vijana wetu watapata kazi gani? Na wakati tunangoja viwanda, vyungu vyetu vipo. Mwaka 2017 watoto hapa kijijini walikuwa wamekonda na mbaazi zimejaa stoo. Mbaazi ni chakula cha kujenga mwili. Tusione haya kula tunachouza.

NAMALIZA

Ndugu zangu, zamani nilidhani mvua ninayopaswa kuitazama ni hii ya Nachingwea tu. Sasa najua kuna mvua nyingine, ng'ambo ya bahari, nayo inanyeshea mfuko wangu. Siwezi kuizuia. Siwezi kuileta. Lakini naweza kuisoma habari yake.

Binti yangu alirudi shule. Alimaliza kidato cha nne. Deni tulilipa lote, na risiti ya mwisho nimeibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili, ili nikilifungua niione.



MASWALI YA KUJADILI

1. Mazao gani ya kijiji chenu yanauzwa nje ya nchi? Yanakwenda nchi gani?
2. Mwaka 2017 bei ya mbaazi ilianguka kwa sababu gani?
3. Mama huyu anauliza maneno gani kila mwezi wa 11? Kwa nini mwezi huo?
4. Piga hesabu: kilo 850 za mbaazi kwa shilingi 1,200 kila kilo ni shilingi ngapi? Kwa shilingi 200 je?
5. Katika kijiji chenu, nani anaweza kuwasomea wengine habari za bei kabla ya kupanda?